Walivyosema Mpemba Tulipoacha Kuingia Darasani

Mtu wa kwanza kunitamkia neno kikokotoo alikuwa mume wangu, ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu yeyote tangu azaliwe. Yeye hubadilisha fedha pale mpakani Tunduma, kwacha kwa shilingi na shilingi kwa kwacha, na kwa sababu ya kazi hiyo habari humfikia kabla hazijanifikia mimi. Jioni moja alivua koti, akaketi, akaniambia, "Eti nyie watumishi mmepigwa kikokotoo."

"Ndiyo nini?"

"Sijui vizuri. Ila mjini kuna wanaocheka."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpemba. Wakati ule nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la tano, la sita na la saba, na nilikuwa nimeshafundisha miaka mingi kiasi kwamba baadhi ya wazazi walioleta watoto kuandikishwa walikuwa wanafunzi wangu wa zamani. Kustaafu nilikuwa nakuona kwa mbali, kama mtu anavyouona mlima akiwa bado yuko barabarani. Nilijua upo, sikuwa nimeanza kuupanda.

Aliyekuwa mlangoni kabisa mwa kustaafu ni mwalimu mwenzetu mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja na kidogo. Alikuwa Mnyiha wa Mbozi, mrefu, asiyependa maneno mengi. Ujana wake wote aliumalizia bondeni Momba, huko mbele ya Chitete, akifundisha mahali ambapo masika yakianza gari halifiki na mwalimu hana budi kungoja barabara ikauke ndipo aufuate mshahara wake. Alihamishiwa kwetu nywele zikiwa zimeanza kuwa nyeupe. Kule kwao Mbozi, kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake, alikuwa amejenga nyumba ikafika kwenye lenta, ikasimama hapo. Sisi wenzake tuliijua nyumba ile bila kuwahi kuiona. Akiulizwa ataimaliza lini, alikuwa anajibu neno moja tu: "Kiinua mgongo."

Kwa hiyo tulipoitwa mjini kwenye ukumbi kwa ajili ya semina ya mafao, nilikaa karibu naye. Kijana aliyetumwa kutuelimisha alikuwa mpole na mwenye heshima. Alitueleza kwamba utaratibu wa kukokotoa umebadilika. Mtumishi akistaafu, malipo ya mkupuo yatakuwa madogo kuliko tuliyozoea kuyasikia, na kiasi kitakachobaki atakuwa analipwa kila mwezi kama pensheni. Alichora duara ubaoni, akaligawa. Akasema hesabu hiyo inamlinda mzee asije akamaliza fedha zote kwa pupa, akabaki anaombaomba.

Mwalimu wetu alinyoosha mkono. "Naomba kuuliza, mwanangu. Mimi nimepanga kuezeka nyumba."

"Mzee wangu, pesa yako haijapotea," kijana akamjibu. "Utaipata kidogokidogo, maisha yako yote."

"Na mvua za mwezi wa kumi na moja, nazo nitaziambia zininyeshee kidogokidogo?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kijana naye alicheka. Mwenye swali hakucheka, aliketi tu, akayatazama viatu vyake mpaka semina ikaisha.

Tuliporudi shuleni kutoka likizo ya mwezi wa sita, baridi ikiwa ya kuuma mifupa na vumbi la barabara kuu limekaa juu ya kila kitu, alisimama ofisini wakati wa chai akasema maneno ambayo sote tulijua yanakuja. Alisema chama chetu cha walimu kimelalamika, barua zimepelekwa, majibu hakuna. Alisema yeye kesho atakuja kama kawaida, atasaini, atakaa kwenye kiti chake. Darasani hataingia. "Simshawishi mtu," alimalizia. "Nawaambia tu ili msishangae."

Mwalimu mkuu wetu, mama mmoja makini sana, alifunga daftari lake akasimama. "Mimi hapa sikuwepo," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akatoka nje.

Sisi tuliobaki tuliangaliana. Kisha mwalimu wa hisabati akasema na yeye hataingia. Akafuata wa sayansi. Nikasema na mimi. Nilikuwa naifikiria meza yangu ya nyumbani: mume wangu hana mfuko wowote wa uzeeni, hivyo chochote nitakachopewa mimi ndicho tutakachozeekea wote wawili.

Mgomo baridi ni kitu cha ajabu kwa mtu aliyezoea kazi. Sisi tulivaa vizuri, tukafika mapema, tukakaa. Kengele iligongwa, hakuna aliyesimama. Watoto walipiga kelele kwa muda, kama wanavyofanya mwalimu akichelewa, halafu kelele zikapungua zenyewe, ukaja ukimya ambao ulikuwa mbaya zaidi kuukalia. Baadaye darasa la tatu wakaanza kuimba jedwali la kuzidisha, wenyewe kwa wenyewe, wakikosea palepale wanapokosea siku zote. Mwalimu wao alikuwa kando yangu. Aliinua kidole akataka kusema kitu, akakishusha.

Kiranja wa darasa la saba, msichana, alikuja mpaka mlangoni. "Shikamooni walimu. Madam, kipindi chako kimefika."

"Marahaba. Nimesikia. Nenda mkajisomee."

Hakuondoka mara moja. Alitutazama mmoja mmoja, akashika kizingiti, ndipo akarudi. Uji wa saa nne uliendelea kupikwa kama kawaida, maana ule ni wa mahindi ya wazazi, na mpishi alisema yeye hana ugomvi na mtu.

Kufika mchana Mpemba yote ilikuwa inajua.

Jirani yangu mmoja ana genge la mboga karibu na njia ninayopita kurudi nyumbani. Bintiye ndiye huyo kiranja. Kila siku nilikuwa nanunua kwake nyanya na vitunguu, na kila siku alikuwa ananipa nyongeza bila kuniangalia, kama jambo lisilohitaji kuzungumzwa. Siku ile alinipimia, akafunga mfuko, akanipa. Nyongeza haikuwepo.

"Mwalimu," alisema, "mimi nikiugua wiki moja, genge limefungwa. Nikizeeka ndiyo basi, nitamtegemea huyo binti kama Mungu akimjalia. Nyie mmehakikishiwa mpaka siku ya kufa, na bado mnagoma."

Nilimwambia kwamba tumekatwa kwenye mishahara yetu kila mwezi kwa miaka yote hiyo, kwamba ile ni haki yetu, hatuombi zawadi.

"Na mimi nimekatwa ushuru kila asubuhi," alisema. "Nani ananirudishia?"

Nilichukua mfuko wangu nikaenda. Pale kijiweni bodaboda mmoja aliyezoea kunipeleka mjini Jumamosi akanisalimia, kisha akauliza kama leo nimepumzika vya kutosha. Wenzake wakacheka. Mmoja ambaye hakucheka alisema, "Waacheni. Mkiona mwenye ajira anaminywa, mjue sisi tumeshasahaulika siku nyingi." Waligeukiana wakaanza kubishana, mimi nikaendelea na njia yangu nikizisikia sauti zao nyuma.

Siku hizo foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilikuwa imerudi nyuma mpaka kwetu, na madereva walikuwa wanashinda kwa mama lishe wakinywa chai na kuangalia magari yasiyosogea. Nilipoingia kununua chapati, dereva mmoja mnene alinitambua, au alikisia kazi yangu kwa daftari nililoshika.

"Mwalimu, msirudi nyuma," aliniambia. "Sisi tulipofunga barabara kwa hasira ya foleni hii, mji mzima ulitutukana. Mpaka huyu mama aligoma kutuuzia chai."

"Niligoma kwa sababu mlizuia gari la unga wangu," mama lishe akamjibu bila kugeuka.

"Lakini foleni ilisogea."

"Ilisogea siku mbili. Iangalie leo."

Jumatano jioni kwenye jumuiya, tulipokutana nyumbani kwa muumini mmoja kusali, mzee fulani aliwaombea watoto wanaoachwa bila waangalizi. Alifumba macho, hakumtazama mtu. Nilisema amina pamoja na wengine. Sijui nilikuwa naitikia nini.

Mume wangu ndiye aliyekuwa ananiletea maoni ya mpakani. Pale, alisema, watu wamegawanyika katikati. Wenye maduka wanasema walimu wana kiburi. Mawakala wa forodha wanasema serikali ikiweza kubadili hesabu ya mwalimu, itabadili ya yeyote. Mwenzake mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, wanayebadilishana naye noti kila siku, alimwambia kwa mchanganyiko wao wa Kiswahili na Kibemba kwamba kwao nako wazee wa serikali husubiri mafao mpaka wanachoka, kwa hiyo asidhani tabu hiyo inahitaji pasi ya kusafiria kuvuka mpaka.

"Na wewe unasemaje?" nilimuuliza.

Alikuwa anakula. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Mimi nina wivu," alisema.

Niliweka kijiko chini.

"Nakaa pale nikijua kwamba siku macho yakikataa kutofautisha noti, kazi yangu imekwisha. Hakuna atakayeniita kwenye ukumbi anichoree duara. Halafu nasikia mtu analalamika kwamba atapewa kidogokidogo. Naona wivu kabisa. Na palepale naona mmeonewa, maana mliahidiwa kitu, mkakipangia maisha, kikageuzwa mkiwa mmekaribia. Yote mawili ninayo. Pale mpakani ukisema mawili watu wanakuambia chagua."

Nadhani katika siku zile zote hakuna aliyesema kitu kilicho karibu zaidi na hali ilivyokuwa.

Alhamisi wazazi walikuja shuleni. Hawakuwa wameitwa. Walikuja wawili watatu, wakasimama karibu na jiko la uji, na walipofika wengi mwenyekiti wa kamati ya shule akaomba madawati yatolewe nje. Tulitoka ofisini tukakaa upande mmoja, wao upande wa pili. Upepo ulikuwa unapeperusha khanga za akina mama, na ilibidi kila msemaji apaze sauti kidogo ili asikike.

Mwenye genge, jirani yangu, alisimama wa kwanza.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nataka kujua jambo moja. Kwa nini habari hii nimeletewa na mwanangu? Walimu mnatujua. Mkitaka michango ya mahindi mnatuita. Mkitaka madawati yatengenezwe mnatuita. Hili hamkuona haja ya kutuita?"

Kwa kweli hatukuwa tumelifikiria. Tulikuwa tumehesabu wakubwa watasema nini, chama kitasema nini. Wazazi tulidhani wataelewa tu, au hawataelewa, basi.

Mwalimu wetu mkongwe alisimama. Aliomba radhi kwa hilo, kwa maneno machache. Kisha akaeleza kikokotoo kwa namna ambayo mtu yeyote angeweza kufuata: walivyokuwa wanalipwa waliomtangulia, alivyotegemea kulipwa yeye, na atakavyolipwa sasa. Hakuitaja nyumba yake. Nilingoja aitaje, hakuitaja.

Mzazi mmoja wa kutoka bondeni, mfugaji aliyepanga chumba hapa Mpemba ili wanawe wasome, aliuliza kama anaweza kusema. Alisema yeye mali yake ni ng'ombe. Akija mtu kumwambia kwamba atamtunzia ng'ombe wake, na mwenyewe akizeeka atapewa wachache, wengine atakuwa analetewa maziwa yao kila mwezi, yeye hatakubali, hata kama maziwa ni mazuri. Watu walicheka, na wengine wakatikisa vichwa kukubali.

"Ngoja kwanza," mtu mwingine akadakia kutoka nyuma, fundi wa pikipiki. "Ng'ombe wako umewachunga mwenyewe. Mshahara wa hawa unatoka kwenye kodi zetu. Na maziwa ya kila mwezi mpaka kufa, mimi nipeni hata leo, nitawapigia magoti."

Basi wakaanza kujibizana wao kwa wao, na sisi walimu tukawa watazamaji wa jambo letu wenyewe. Nilisikia sauti zikitetea na sauti zikilaumu, na zilizotetea hazikuwa za wale niliowadhania. Mama mmoja ambaye siku zote alikuwa mkali kwetu alisema mwalimu aliyemfundisha yeye kusoma alikufa akiwa bado anafuatilia mafao yake, na tangu siku ile hajawahi kumcheka mtumishi. Baba mmoja mtaratibu, mzee wa kanisa, alisema anayegoma afukuzwe, wapo vijana wengi wenye vyeti mitaani.

Mwenye genge aliacha waseme. Kisha alisimama tena, na wakanyamaza.

"Haya. Mimi nimeelewa, ingawa sijakubali," alisema. "Lakini mtihani wa darasa la saba ni mwezi wa tisa. Mtihani ule serikali haifanyi. Anafanya mwanangu." Akanigeukia mimi. "Wewe mwalimu ni jirani yangu. Tuambie."

Sikuwa nimejiandaa kusema. Nilisimama nikiwa nimekunja mikono kwa sababu ya baridi, na nilichosema kilikuwa kifupi. Nilisema darasa la saba nitaingia, kesho asubuhi. Nikasema sijaacha mgomo, bado nipo na wenzangu, lakini darasa la saba nitaingia. Kisha nikaketi.

Wazazi walitawanyika kwa utulivu. Sisi tulirudi ofisini. Kisha mwalimu wa sayansi, kijana ambaye kustaafu kwake kulikuwa mbali kuliko wote, akaniambia, "Madam, umetuvunja."

"Mwache," mwalimu mkongwe alisema. Alikuwa anatazama dirishani. "Alisema mbele yetu, tukimsikia."

Hakusema nimefanya vizuri. Siku ile aliondoka bila kuniaga, na alikuwa mtu wa kuaga.

Kesho yake niliingia darasa la saba nikakaa nao kutwa nzima. Nilifundisha Kiswahili, nikafundisha na maarifa ya jamii ambayo siyo yangu, nikawasimamia wakifanya hesabu za miaka ya nyuma ambazo mimi mwenyewe nyingine zilinishinda. Wakati wa chai nilikwenda ofisini, nikajimiminia mwenyewe, nikanywa nimesimama. Chaki zikaniishia mchana. Nilikuwa nasita kwenda kuziomba, maana ufunguo wa stoo alikuwa nao mwalimu mkongwe. Sijui alijuaje. Mlango uligongwa, akaingia, watoto wakasimama kumsalimu. Aliweka boksi jipya mezani, akasoma nilichoandika ubaoni kuanzia juu mpaka chini, akatoka.

Ilikuwa hivyo kwa siku kadhaa, mpaka wakubwa wetu wa elimu walipokuja na gari. Walikuwa wawili, na aliyeongea alikuwa mama mtu mzima ambaye naye, nilijua, alianza kazi akiwa mwalimu. Tulikusanywa ofisini. Alisema kwa masikitiko kwamba tumeacha kazi, kwamba malalamiko yana njia zake, kwamba kila aliyegoma ataandikiwa onyo litakalowekwa kwenye jalada lake. Kisha uso wake ukalegea.

"Ila tumeambiwa yupo mmoja aliyewakumbuka watoto. Naomba asimame."

Nilisimama.

"Huyu ndiye mzalendo," alisema. "Jifunzeni kwake."

Nimewahi kusemwa vibaya sokoni, nimewahi kuombewa kwa mafumbo kwenye jumuiya, na hakuna kilichoniumiza kama sifa ile. Wenzangu walikuwa wanaangalia meza. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia ukuta. Niliona kwamba nikiketi hivihivi na sifa yangu, wiki ijayo nitakuwa mfano utakaosomwa kwenye shule nyingine, na wazee kama huyu aliyeketi mbele yangu watachapwa kwa jina langu.

"Samahani, mheshimiwa," nilisema. "Naomba na mimi niandikiwe onyo."

Alifikiri hajasikia vizuri. "Si ulikuwa darasani?"

"Nilikuwa darasa la saba, kwa sababu ya mtihani. Nina vipindi darasa la tano na la sita pia. Huko sikuingia. Niligoma kama wenzangu."

"Mwalimu, unajua unachoomba?"

"Najua."

Nilidhani atakasirika. Alishusha pumzi, akachukua kalamu, akaniuliza namba yangu ya utumishi, akaandika. Yule mwenzake alitaka kusema kitu, akamzuia kwa mkono. Nilipokuwa nataka kuketi, niliona mwalimu wetu mkongwe amesogeza kiti chake kando ili nipate nafasi pale mezani. Niliketi hapo.

Kabla ya kuondoka, yule mama alitusikiliza. Mwalimu mkongwe alimweleza yote, na safari hii aliitaja nyumba. Mama aliahidi kuyafikisha malalamiko ngazi za juu, na alituomba kesho yake tuingie madarasani. Tuliingia. Hakuna aliyetangaza kwamba mgomo umekwisha. Kengele iligongwa tu, watu wakachukua chaki.

Habari ya mimi kuomba onyo ilizunguka mji kwa namna zake. Mume wangu alinirudishia kila jioni toleo jipya. Mpakani walisema nimepiga meza. Stendi walisema nimelia. Kwa madereva nilikuwa mwanamume. Mwenye genge alikuwa ameipata iliyo karibu na ukweli, kutoka kwa mpishi wa uji.

"Umeomba adhabu?" aliniuliza. "Wewe nawe."

Alinipimia nyanya, akaongeza moja, akaitoa, akacheka mwenyewe, akairudisha. "Bado nasema mlikosea," aliniambia. "Nisikudanganye."

"Sawa," nilimwambia. "Na mimi bado nasema tulikuwa na haki."

Tukaongea mambo ya bei ya mafuta ya kupikia.

Mtihani ulifanyika. Bintiye alifaulu, na wengi walifaulu, wengine hawakufaulu, kama miaka yote. Sisemi ni kwa sababu yangu. Huko juu hesabu ya mafao ilijadiliwa tena, ikageuzwa, baadaye ikageuzwa tena, na kila ilipogeuzwa Mpemba ilikuwa na la kusema. Sitadai kwamba viti tulivyokalia sisi vilisikika mpaka huko.

Mwalimu wetu alistaafu wakati wake ulipofika. Tulimuaga kwa pilau na soda, akatushukuru kwa dakika chache, akapanda gari la mizigo pamoja na kitanda chake na makabati. Mwaka uliofuata mimi na mume wangu tulikwenda Mbozi kumsalimia. Nyumba ilikuwa imeezekwa nusu: sebule na chumba cha kulala. Upande wa pili kuta zilikuwa wazi, na ndani ya vyumba vile mke wake alikuwa amepanda maboga, yakatambaa mpaka madirishani. Sikuwahi kuona bustani yenye lenta.

Tulikaa sebuleni. Alionekana ameongezeka mwili kidogo, na mikono yake ilikuwa na weusi wa kazi ya shambani, maana msimu ule alikuwa anapogoa kahawa. Mume wangu, ambaye siku zote huuliza yale mimi ninayoyaogopa, alimuuliza hiyo ya kila mwezi inakuja kweli.

"Inakuja," alisema. "Nakwenda benki Vwawa, naikuta. Sikuamini, lakini inakuja. Yule kijana wa semina hakutudanganya." Alinyoosha kidole upande wa pili. "Ila na mimi sikuwa mwongo. Unaona hicho chumba cha maboga? Kile kilikuwa cha wajukuu. Walitakiwa waje likizo, walale pale. Wameshakuwa wakubwa, wana likizo zao."

Mke wake alileta chai na viazi vitamu. Alisema yeye akipewa nafasi ya kuchagua, angechagua hii ya kila mwezi, maana anamjua mumewe, fedha zote zingeishia kwenye saruji. Mwalimu alicheka, akasema huyo ndiye mpinzani wake tangu semina haijaitwa.

Tulipokuwa tunamalizia chai aliniuliza, "Mjini wanasemaje siku hizi?"

"Kuhusu mafao?"

"Kuhusu lolote."

Nilimwambia wanazungumzia maji. Mabomba yamekauka upande wetu, watu wanaamka alfajiri kufuata kisima.

"Wanamlaumu nani?"

"Kila mtu ana wake," mume wangu akamjibu.

Alitikisa kichwa, akaniwekea kiazi kingine kwenye sahani, akatuambia tusichelewe kutoka, maana magari ya kurudi Tunduma jioni huwa ya shida.